Hesabu ya Lita

Nilinunua Altezza nyeusi, gia sita,
kwa kijana wa Tabata aliyekuwa anataka kuoa.
Bawa nyuma, pana kama ubao wa kupigia pasi,
ekzosi ya mdomo wa debe,
na kwenye buti spika mbili nzito kama magunia ya viazi.
Nikapanda nayo Kitonga nikiwa mfalme.
Makambako nilijaza. Chimala nikajaza tena.

Sekela akahamishiwa Tukuyu, wodi ya wazazi.
Kwenda na kurudi kilomita mia na arobaini.
Niliandika nyuma ya daftari la mahudhurio:
lita moja, kilomita saba.
Lita ishirini kumwona mtu
atakayekutengea chai kisha asinzie kitini
kwa sababu ametoka zamu ya usiku.
Mshahara wa mwalimu ukaniambia: mwezi huu, mara moja.

Fundi Subilaga wa Mafiat hakufungua hata boneti.
Alilizunguka gari kama anakagua ng'ombe mnadani,
akaligonga lile bawa kwa kidole.
"Hili linakupeleka wapi?"
Linalikandamiza gari barabarani, nikasema,
ukifika mwendo wa mia na themanini.
"Mwalimu, kutoka hapa hadi Uyole
kuna matuta mangapi?"

Tukaling'oa. Yakabaki matundu manne, akayaziba.
Spika nikamwuzia mwenye saluni wa Soweto.
Ringi kubwa zikashuka, zikapanda ndogo, tairi nyembamba,
nikaona haya: gari limesimama
kama mwanajeshi aliyevaa kandambili.
Plagi mpya. Ekzosi ya kiwandani.
Chujio la hewa likakung'utwa, likatoa vumbi la Dodoma
na bawa moja la panzi.
Kihisi cha oksijeni kilikuwa punje ya kahawa iliyoungua.
"Injini isiyojua inapumua nini," alisema,
"inamimina tu."

Halafu, baada ya nusu saa ya kunguruma,
akaniita nishike bomba la rejeta.
Vuguvugu. Maji ya kumwogeshea mtoto.
"Huko pwani waliitoa thamostati, wakiogopa joto.
Wewe ukaileta Mbeya, mwezi wa sita, nyumba haina mlango.
Hii haijapata moto tangu ipande.
Muda wote inadhani ndiyo kwanza inaamka,
inaomba mafuta kama mgonjwa anavyoomba blanketi."
Akaniwekea kiganjani kidude cha shaba,
kidogo kuliko kikombe cha kahawa.
Nilinyamaza.
Nilimfahamu mtu wa namna hiyo.

Jumamosi. Ukungu Isyonje,
wauza viazi ni sauti tu na ndoo.
Mshale wa joto ukapanda, ukafika katikati, ukatulia.
"Mteremkoni usipige free," aliniusia,
"iache kwenye gia, mguu juu.
Mlima unakusukuma bure, injini hainywi tone."
Noah ya ndizi ikanipita, konda akachungulia:
gari limeugua?
Mguu wangu wa kulia, kifaa pekee
ambacho Subilaga hakuwa na spana yake,
uliniuma kwa kujizuia mpaka Kiwira.

Tukuyu mvua ilikuwa imetoka kunyesha.
Daftari lilisema kumi na moja na kitu.
Nilibisha hodi.

"Umekuja na basi?" Sekela akauliza.
Zamani alinisikia tangu barabara kuu,
watoto wa wodi nzima wakilia kwa zamu.
Nikamshika mkono, nikautuliza juu ya boneti.
Ilikuwa ya moto,
mvuke unapanda pale matone yalipoangukia.

Jumatano nakuja tena, nikamwambia,
mafuta yapo.

"Jumatano niko zamu," alisema,
bila kuuondoa mkono.